Wakija Kuandamana Mtaani Kwenu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mikutano ya Chuki

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: kundi la siasa kali likitangaza mkutano au maandamano, sisi wengine tufanye nini? Nyingi zimetoka kwa wasomaji walioko Uingereza, ambao bado wanakumbuka ghasia za Agosti 2024 dhidi ya wahamiaji na Waislamu. Nyingine zimetoka Kenya na Ujerumani. Tumechagua saba.

Wahariri, hamjambo? Kuna kundi limetangaza mtandaoni kwamba Jumamosi litakusanyika mbele ya hoteli wanamokaa waomba hifadhi, karibu na msikiti wetu. Wazee wanasema tufunge milango tujitie hamnazo. Vijana wanasema twende tukawakabili. Nani tumsikilize? (Msomaji, Sheffield)

Hatujambo, ndugu yetu. Kila upande una nusu ya ukweli. Mkutano wa aina hii hauandaliwi ili kumshawishi mpita njia. Waandaaji wanatafuta vitu vitatu: ugomvi, picha na hofu. Ugomvi unawapa nafasi ya kulia kwamba wanaonewa. Picha zinawaletea wanachama wapya. Hofu wanawaachia walengwa wakishaondoka. Vijana wenu wakienda kuwakabili uso kwa uso watawapa viwili vya kwanza bure, lakini milango ikifungwa watapata cha tatu. Mama aliyejifungia chumbani hotelini na watoto, akisikia watu wake wakitukanwa barabarani na asione jirani hata mmoja wa kumtetea, hana namna ya kujua kwamba mji umenyamaza kwa busara.

Ushauri wetu ni huu: jitokezeni kwa wingi, saa ileile, lakini mahali penu wenyewe na kwa shughuli yenu wenyewe. Chagueni uwanja, kanisa au ukumbi ulio mbali kiasi kwamba chupa iliyorushwa haifiki na matusi hayasikiki, lakini karibu kiasi kwamba walengwa wanaweza kufika kwa miguu. Hata hotuba zenu ziwazungumzie watu wa mji, msizitumie kulijibu lile kundi.

Wingi ndio unaoamua. Tarehe 7 Agosti 2024 ilisambazwa orodha ya maeneo yatakayovamiwa, nyingi zikiwa ofisi za mawakili wa uhamiaji. Maelfu ya watu walijitokeza Walthamstow, Brighton, Bristol na kwingineko, na sehemu nyingi zilizotajwa hazikuona mvamizi, au waliofika walikuwa wachache. Siku chache kabla, tarehe 2, imamu wa msikiti wa Abdullah Quilliam mjini Liverpool aliweza kuvuka barabara na kuwagawia chakula watu waliokuja kuupinga msikiti wake, wakazungumza. Watu wanaisifu picha ile wakasahau kwamba majirani waliokuja kuulinda msikiti walikuwa wengi kuliko wapinzani. Ukarimu wa namna hiyo unahitaji ulinzi nyuma yake.

Na kuna hali ambazo raia hana kazi pale. Tarehe 4 Agosti, karibu na kwenu hapo Rotherham, umati ulivunja madirisha ya hoteli ya waomba hifadhi na kuwasha moto nje yake watu wakiwa ndani. Umati ukishafika hapo, piga 999, watoe walio wadhaifu kwa njia ya nyuma kama ipo salama, na usisimame katikati.

Nimeambiwa kuna mji Ujerumani uliowageuzia kibao Wanazi mamboleo wakawa wanachangisha pesa dhidi yao wenyewe. Ni kweli? Tunaweza kuiga? (Msomaji, Hamburg)

Ni kweli. Mji ni Wunsiedel, Bavaria. Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler, alizikwa huko, na kaburi lake likawa mahali pa kuhiji kwa Wanazi mamboleo. Hata baada ya kaburi kuondolewa mwaka 2011 waliendelea kuja kuandamana kila Novemba. Mji ulishajaribu kupinga kwa njia nyingi.

Tarehe 15 Novemba 2014 wenyeji waliyageuza maandamano hayo kuwa matembezi ya hisani bila kuwaambia waandamanaji. Kwa kila mita moja watakayotembea, wafadhili wangetoa euro 10. Njia ilichorwa alama barabarani, mwanzo, katikati na mwisho, pamoja na mabango ya kuwatia moyo. Kukawa na meza ya ndizi ili wasiishiwe nguvu. Waandamanaji wapatao 200 walitembea, na mwishoni bango likawashukuru kwa kuchangisha euro 10,000. Pesa zilikwenda EXIT-Deutschland, shirika linalowasaidia watu kutoka kwenye makundi hayohayo.

Ubora wa mpango huu ni kwamba kila njia waliyobakiwa nayo iliwaumiza. Wakitembea wanawafadhili wapinzani wao, wakisimama wameahirisha maandamano yao kwa mikono yao.

Anayetaka kuiga aangalie mambo manne. Pesa ziahidiwe kwa maandishi kabla ya siku, maana ukitegemea wapita njia wachange utaaibika wewe. Siri itunzwe mpaka mguu wa kwanza uinuliwe, la sivyo watabadilisha njia. Mpokeaji wa pesa awe ni yule anayewachoma: ukizipeleka kwenye hisani ya jumla, watasema wamefurahi kusaidia. La nne ndilo watu hulisahau: mpango huu unafaa kundi dogo, linalojulikana, lenye njia iliyopangwa na polisi wanaolisimamia. Kwa genge linalorusha mawe haufai hata kidogo.

Tumekubaliana kufanya mkusanyiko wa amani upande wa pili wa mji. Tunatarajia watu 300 hivi. Tupange vipi watu wasiumie? (Kamati ya jumuiya, Leicester)

Anzeni na polisi siku ileile mnayokubaliana. Uingereza, maandamano ya kutembea yanahitaji taarifa ya maandishi siku 6 kamili kabla, kwa sheria ya mwaka 1986. Mkusanyiko wa kusimama mahali pamoja hauhitaji taarifa hiyo, lakini toeni hata hivyo. Ombeni jina la afisa mmoja mtakayezungumza naye siku hiyo na namba yake ya simu. Mwulizeni swali moja mahususi: barabara zipi zitafungwa kwa magari, na zitafungwa kwa kitu gani?

Tunalisisitiza hilo kwa sababu ya Charlottesville, Virginia, tarehe 12 Agosti 2017. Wafuasi wa ubaguzi walikuja kwa mamia kupinga kuondolewa kwa sanamu ya Jenerali Lee, kamanda wa jeshi la majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa. Polisi hawakuwatenganisha na wapinzani wao. Wa mji na wa jimbo hawakuwa hata na mawasiliano ya redio ya pamoja, na watu walipigana wakitazamwa. Kabla ya saa sita mchana mkutano ukatangazwa kuwa si halali, na makundi yote mawili yakasukumwa mitaani. Njia panda moja kwenye Barabara ya 4 ilikuwa imewekewa askari mmoja tu. Alipoona hatari aliomba aondolewe, akaondolewa, na kilichobaki kuziba barabara kikawa kizuizi chepesi cha mbao. Kiasi cha saa mbili baada ya mkutano kuvunjwa, mfuasi mmoja wa siasa hizo alipita hapo na gari lake akaliingiza kwenye umati wa watu waliokuwa wakitembea kwa furaha wakidhani yamekwisha. Heather Heyer, mwenye umri wa miaka 32, aliuawa na makumi wakajeruhiwa.

Kwa hiyo saa ya hatari kubwa ni ile ya kutawanyika. Watu wamechoka, wasimamizi wamevua reflekta, wapinzani nao wanarudi kwenye maegesho na vituo vilevile vya treni.

Kwa watu 300 wekeni wasimamizi wasiopungua 6, yaani mmoja kwa kila watu 50, na juu yao wengine wanne ambao hawashiki kundi lolote: wawili wa huduma ya kwanza, mmoja wa kuzungumza na polisi, na mmoja wa kuzungumza na waandishi. Msiwachague kwa ukubwa wa miili. Mtu mzima anayeheshimika na asiyepandwa na hasira, mara nyingi mama wa makamo, anamtuliza kijana haraka kuliko mnyanyua vyuma. Wafundisheni kusimama wakiwa wamewapa wapinzani mgongo na kuwatazama watu wao wenyewe. Ndivyo wanavyomwona mtu wenu anayeanza kuchemka kabla hajaokota kitu. Akichemka, wawili wanamweka katikati na kumtoa nje ya kundi wakizungumza naye. Hawamshiki kwa nguvu.

Mabango yashikwe kwa mikono au yabandikwe kwenye mirija ya karatasi ngumu, siyo miti. Chupa za vioo zisiingie. Kila mtu aandike kwa kalamu ya wino mkononi namba ya simu ya wakili au ya mwenzake aliyebaki nyumbani, kwa sababu simu ikipotea au ikichukuliwa hakuna anayekumbuka namba kichwani. Wekeni njia mbili za kutokea, na muwaonyeshe wasimamizi kwa miguu siku moja kabla. Mwisho wa shughuli tangazeni nusu saa mapema, kisha watu waondoke kwa makundi ya 10 au 15, kila kundi likijua linakwenda kituo gani. Wasimamizi wavue reflekta mtu wa mwisho akishapanda basi. Reflekta zenyewe zisivaliwe njiani, maana zinamwonyesha mtu peke yake kuwa ni nani.

Watoto? Walioko shule ya msingi wabaki nyumbani. Mkitaka washiriki, fanyeni jambo lao Jumapili.

Kwa nini serikali isipige marufuku tu mikutano ya chuki na tukapumzika? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu marufuku hukata pande mbili, na mara nyingi haiondoi mkutano, inauhamisha tu.

Mwaka 2011 EDL (English Defence League), kundi la Kiingereza lililopinga Uislamu, lilitaka kuandamana Tower Hamlets, mashariki ya London, wanakoishi Waislamu wengi. Waziri wa Mambo ya Ndani aliidhinisha marufuku ya siku 30. Lakini sheria ya Uingereza inaruhusu kuzuia maandamano ya kutembea, si mkusanyiko wa kusimama. EDL wakaja wakasimama Aldgate. Na kwa kuwa marufuku ilihusu maandamano yote, hata ya wapinga ubaguzi yalizuiwa.

Marekani ni vigumu zaidi. Mwaka 1977 chama kidogo cha Wanazi kilitaka kuandamana Skokie, Illinois, mji uliokuwa na maelfu ya Wayahudi walionusurika kwenye kambi za mauaji. Mji ulitunga masharti, mojawapo likiwa bima ya dola 350,000. Mahakama ziliyatupa. Katiba ya huko hulinda hata hotuba ya chuki, isipokuwa ile inayolenga kuchochea uvunjaji wa sheria papo hapo na ambayo inaelekea kufanikiwa. Mwishowe Wanazi wale hawakuandamana Skokie kabisa. Walikwenda Chicago mwaka 1978. Skokie leo ina jumba la makumbusho la mauaji ya Wayahudi, lililofunguliwa mwaka 2009. Ujerumani, kwa historia yake, imechagua njia nyingine. Tangu mwaka 2005 ni kosa kuutukuza hadharani utawala wa Kinazi kwa namna inayowavunjia heshima waathiriwa wake, na Mahakama ya Katiba iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2009, kwa shauri lililotokana na Wunsiedel.

Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imelipanga jambo hili vizuri. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kusema, kisha kinauwekea mpaka: haugusi uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki wala propaganda ya vita. Kwa hiyo mkutano una haki ya kufanyika, na anayechochea jukwaani hana kinga. Sheria ya utulivu wa umma nayo inadai mwandaaji atoe taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, na mkutano ufanyike kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Hiyo ni taarifa, si ombi la kibali. Tunawasihi wasomaji wailinde tofauti hiyo hata pale anayetaka kuhutubia ni mtu wanayemchukia. Ofisa akishazoea kufuta mikutano ya wabaya, mkutano wa wafanyakazi wanaodai mishahara hauko mbali.

Mwanasiasa alipanda jukwaani kwetu akasema jamii fulani "zing'olewe". Watu walishangilia. Nina simu yenye video. Nifanye nini nayo? (Msomaji, Nakuru)

Kwanza usiisambaze. Kipande cha sekunde 20 kikiruka kundi hadi kundi kitafanya kazi aliyoitaka msemaji, na wakili wake atakuja kusema kimekatwa.

Faili la asili liache kwenye simu kama lilivyo, bila kukata wala kubadilisha jina. Nakili mara mbili kwa waya, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Kulituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida kunaibana na kupoteza taarifa zinazoonyesha ilirekodiwa lini. Ikibidi, itume kama hati. Andika leo, kabla hujasahau: tarehe, saa, mahali, nani aliyesema, alisimama wapi, wangapi walikuwepo kwa kukadiria, na umati ulifanya nini baada ya maneno yale. Ushahidi wa kielektroniki Kenya unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Kesi ambayo ingesimama inaweza kuanguka kwa kukosa karatasi hiyo moja. Kisha peleka kwa Tume ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa au kituo cha polisi, na udai namba ya kumbukumbu. Kifungu cha 13 cha sheria ya tume hiyo ya mwaka 2008 kinatoa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Rekodi maneno kwa lugha yaliyosemwa, neno kwa neno, ndipo uweke tafsiri pembeni. Wachochezi hawatukani waziwazi. Husema kwa mafumbo ambayo wenyeji wanayaelewa na hakimu hayaelewi. Kwenye mpango uliopitishwa Rabat, Morocco, mwaka 2012 chini ya Umoja wa Mataifa kuna vipimo sita vya kuamua kama hotuba imefikia uchochezi wa kuadhibiwa: mazingira ya wakati huo, cheo na ushawishi wa msemaji, nia yake, maneno yenyewe na namna yalivyosemwa, yalifika kwa watu wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea. Panga maelezo yako kwa vipimo hivyo na mpelelezi atakushukuru.

Jirani zetu wa Rwanda wanajua uzito wa kanda moja. Tarehe 22 Novemba 1992, Léon Mugesera wa chama tawala cha MRND alihutubia mkutano wa hadhara Kabaya, akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Waliomsikiliza walielewa. Waziri wa sheria alitaka akamatwe, lakini alikimbilia Kanada. Mauaji ya kimbari yakaja mwaka 1994. Hotuba ile ilikuwa imerekodiwa, na huko Kanada mawakili walibishana kwa miaka juu ya tafsiri yake, mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoamua mwaka 2005 kwamba anaweza kufukuzwa nchini. Alirudishwa Rwanda mwaka 2012 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Bila kanda ile, lingebaki neno lake dhidi ya neno la wengine. Hata hivyo, polisi wangemkamata wiki ileile ingekuwa bora mara elfu, na ndiyo maana tunakuhimiza upeleke mapema.

Kijana wangu wa miaka 19 ameanza kwenda kwenye mikutano ya watu hawa. Tumeshagombana mpaka anataka kuhama. (Mama, Manchester)

Mama, pole sana. Usimfukuze, na usimwache ahame kwa hasira. Mara nyingi mtu haingii humo kwa sababu ya hoja; anaingia kwa sababu ya marafiki, heshima na mahali pa kwenda Jumamosi. Ukimshinda kwa hoja sebuleni, ataondoka akiwa bado hana rafiki mwingine. Akikosa nyumba ya kurudi, kundi ndilo litakalompa kitanda.

Mwaka 2011 EXIT-Deutschland waligawa fulana 250 zenye fuvu na bendera kwenye tamasha la muziki la Wanazi mamboleo huko Gera. Vijana walizivaa kwa fahari. Walipozifua, picha ilitoka, likabaki ujumbe: kilichowezekana kwa fulana yako kinawezekana kwako pia, tutakusaidia kujitoa. Kila mmoja aliusoma akiwa peke yake, mbali na wenzake, bila mtu wa kumwaibisha. Mlango wa aina hiyo ndio wa kumwachia kijana wako. Mwulize anachokipata kule, sikiliza mpaka mwisho, na umtafutie mtu mmoja anayemheshimu, mjomba au kocha, wa kumtoa mara kwa mara. Akianza kuzungumzia silaha, au tarehe na mahali fulani, hapo usisubiri: piga simu polisi siku hiyohiyo.

Nina duka la vyakula. Nifunge siku ya maandamano yao? Na wakilivunja, nani atanilipa? (Msomaji, Middlesbrough)

Kama liko kwenye njia yao, funga saa mbili kabla na uondoke; bidhaa hazilingani na maisha. Siku moja kabla, piga picha za kila rafu, mashine na mlango, ukae na risiti za manunuzi mahali pengine. Ingiza ndani mapipa ya taka na makreti, maana hivyo ndivyo vinavyorushwa. Soma bima yako uone kama inafidia ghasia. Usipokuwa na bima ya kutosha, England na Wales zina sheria ya fidia ya ghasia ya mwaka 2016: madai hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia polisi wa eneo lako ndani ya siku 42 tangu ghasia ziishe, na ushahidi wa hasara ufuate ndani ya siku 90. Inafidia mali iliyoharibiwa au kuibwa, haifidii mauzo uliyoyakosa. Kabla hujafagia vioo, piga picha tena, na uchukue namba ya kesi ya polisi.